Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: Utando wa kuzuia mvuke kwenye majengo ya kando ya Ziwa Victoria

Simu zetu hulia zaidi katika vipindi viwili vya mwaka: Aprili, masika yakiwa yamekolea, na Novemba, vuli ikishika. Lalamiko ni lilelile. Maji yameonekana mahali pasipo na bomba, bati halina tundu, wala hakuna mtoto aliyemwaga ndoo. Mwenye nyumba ameshamlipa fundi wa bati mara mbili, na maji yako palepale. Maswali yaliyo hapa chini tumeulizwa hapa Mwanza, kwenye mitaa ya Nyakato, Igoma, Kapripointi, Mwaloni na hata ng'ambo ya maji huko Ukerewe. Tumeyajibu kama tunavyoyajibu tukiwa tumesimama chini ya dari lenyewe.

Utando wa kuzuia mvuke ni kitu gani hasa?

Ni karatasi nyembamba, mara nyingi ya plastiki au ya alumini, inayowekwa ndani ya ukuta, paa au sakafu ili mvuke usiingie kwenye kizuia joto. Kizuia joto tunamaanisha sufi ya mawe, sufi ya kioo, foamu, au kingine chochote kilichowekwa ili joto lisipite. Vitu hivi hufanya kazi kwa sababu vimeshika hewa, au gesi nyingine, iliyotulia katika vishimo vidogo vidogo. Maji yakichukua nafasi ya hewa hiyo, umebaki na godoro lililolowa.

Kuna tofauti moja ambayo wauzaji wengi wa vifaa hawaifafanui. Kuzuia maji ni kazi moja na kuzuia mvuke ni kazi nyingine. Zipo tando zinazozuia tone la mvua lakini zinauachia mvuke upite, na zipo zinazozuia vyote viwili. Dukani zote zinaweza kuitwa “nailoni ya paa”, na ukichukua isiyo yako hutajua hadi mwaka wa pili.

Kama paa halivuji, maji yanatoka wapi?

Yanatoka hewani. Agiza soda ya baridi pale Kirumba Mwaloni, iache mezani dakika tano. Chupa haijatoboka, lakini meza imelowa. Hewa iliyoigusa chupa imepoa, na hewa ikipoa hupungukiwa na uwezo wa kubeba mvuke, hivyo inaushusha mzigo wake papo hapo.

Hesabu yake ni hii. Hewa ya nyuzi 26 yenye unyevuanga wa asilimia 75, ambayo kwetu ni asubuhi ya kawaida kabisa, hubeba gramu 18 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Kitu chochote chenye ubaridi wa takriban nyuzi 21 au chini yake kitalowa kikiguswa na hewa hiyo. Nyuzi 21! Kiyoyozi cha chumba cha kulala hufika hapo bila kutoa jasho, na bati la juu ya kichwa chako hufika hapo lenyewe usiku.

Jirani yetu ni ziwa lililo mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila mchana upepo wake unatuletea unyevu bure. Ongeza pumzi za watu sita waliolala, sufuria ya maharage iliyochemka jioni nzima na nguo zilizoanikwa ndani kwa sababu ya mvua. Nyumba inakuwa na maji mengi hewani kuliko mwenyewe anavyodhani.

Utando unakaa upande gani?

Upande wa joto. Jibu limekwisha, ila upande wa joto ni upi, hapo ndipo watu wanapopotea.

Mvuke husafiri kutoka palipo na mvuke mwingi kwenda palipo na mchache, na kwa kawaida hilo ni sawa na kusema kutoka kwenye joto kwenda kwenye ubaridi. Utando unatakiwa umsimamishe msafiri huyu kabla hajapoa. Akishaingia ndani ya foamu na kufika mahali pa baridi, atageuka maji humo humo, na hana njia ya kutoka.

Kwa hiyo, kabla ya kununua roli la utando, jiulize ubaridi uko wapi. Katika chumba cha kuhifadhia sangara, ubaridi uko ndani na joto liko nje, basi utando ni upande wa nje wa foamu. Chumba cha hoteli kinachowashiwa kiyoyozi mchana na usiku ni vivyo hivyo. Nyumba ya kawaida yenye madirisha wazi haina upande wa baridi wa kudumu, na kuta zake haziuhitaji utando huu kabisa. Paa la bati lina tabia mbili, mchana tanuri na usiku friji, nalo tumeliwekea swali lake peke yake.

Maelekezo kwenye roli yameandikwa “weka upande wa ndani”. Nani mkweli, nyinyi au kiwanda?

Sote wakweli, ila kiwanda kinazungumza na mtu mwingine. Roli nyingi na michoro yake vinatoka nchi za baridi. Kule nyumba inapashwa moto, nje kuna theluji, na mvuke unatoka sebuleni kwenda nje. Upande wa joto kwao ni wa ndani.

Elimu yenyewe ina historia ndefu kidogo. Marekani, miaka ya 1930, watu walianza kujaza vizuia joto ndani ya kuta za nyumba zao za mbao, rangi ikaanza kubanduka kwa nje. Wapaka rangi walilaumu sufi, wakisema inavuta maji. Chuo Kikuu cha Minnesota, Frank Rowley na wenzake wakaichunguza njia ya mvuke ukutani, na kutokana na kazi za namna hiyo likazaliwa agizo la kuweka kizuizi upande wa ndani. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1950, Mjerumani Helmut Glaser akachapisha njia ya kukokotoa mahali ambapo mvuke utageuka maji ndani ya ukuta. Kinachotufurahisha sisi ni kwamba Glaser alikuwa akiandika kuhusu kuta za vyumba vya ubaridi. Hesabu ambayo leo wanaitumia kwa nyumba za theluji ilianzia kwenye chumba kama kile cha samaki wetu.

Sisi wenyewe tuliwahi kuufuata mchoro wa roli kama ulivyo. Ilikuwa kazi yetu ya pili, chumba cha barafu cha mteja mmoja upande wa Sengerema: ukuta wa tofali, foamu, halafu nailoni nzuri kabisa upande wa ndani, imebandikwa tepu kila kiungo. Tuliondoka tukijisifu. Baada ya miezi minane mteja akapiga kusema kompresa haipumziki na luku inakimbia kama maji. Tulipokata kipande cha ukuta, foamu ilitoka nzito kama tofali la udongo mbichi, na nyuma ya ile nailoni kulikuwa na barafu ya unene wa kidole. Mvuke ulipenya tofali kutoka nje, ukapita kwenye foamu, ukaikuta nailoni yetu imefunga mlango wa kutokea. Tulibomoa na kujenga upya kwa gharama zetu. Tangu siku hiyo, jambo la kwanza tunaloandika kwenye mchoro ni herufi J upande wa joto na B upande wa baridi.

Nyumba yangu ni ya tofali, haina kiyoyozi. Niweke utando ukutani?

Hapana. Weka fedha hiyo kwenye madirisha makubwa, varanda na sakafu. Fundi akikuambia ufunike kuta zote kwa nailoni kabla ya plasta, mwulize mvuke utatokea wapi.

Asubuhi bati langu linatonesha maji ndani ya dari. Fundi amepanda mara tatu, haoni tundu.

Hataliona, kwa kuwa halipo. Usiku usio na mawingu bati hutupa joto lake angani na kupoa kuliko hata hewa iliyolizunguka. Ndiyo sababu alfajiri unakuta umande juu ya bati na juu ya kioo cha gari, ilhali ardhi ni kavu. Umande huohuo hujikusanya upande wa chini wa bati pia, kama hewa iliyonaswa juu ya dari ni nzito kwa mvuke. Na mara nyingi ni nzito, kwa sababu mvuke wa jikoni na wa bafuni hupanda kupitia matundu ya taa, kifuniko cha darini na nyufa za pembezoni mwa jipsamu. Jua likichomoza, matone yanaanguka. Mwenye nyumba anaona duara la kahawia kwenye dari jipya na kumlaani fundi wa bati.

Dalili ya kutofautisha: uvujaji wa mvua huja na mvua na huwa mahali pamoja. Jasho la bati huja baada ya usiku mkavu, wa nyota, na hutapakaa paa zima, hasa juu ya jiko na bafu.

Tiba yake huanza na hewa, utando unafuata. Acha nafasi za kupitisha hewa kwenye kingo za paa, ziwekewe wavu ili popo na ndege wasihamie, na nyingine juu karibu na kofia ya paa. Hewa iingie chini itokee juu. Bomba la kutolea mvuke wa bafu lipelekwe hadi nje kabisa. Tumekuta feni za bafuni zinazopuliza moja kwa moja ndani ya dari, na mwenyewe anadhani amefanya la maana. Ziba matundu ya taa.

Baada ya hapo ndipo uweke utando chini ya bati, juu ya kenchi, ukiinamia kwenye gata ili matone yanayoanguka yateremke nje. Foili yenye mapovu inayouzwa mjini inafaa kwa kazi hii, kwani inarudisha pia joto la mchana, lakini iachiwe nafasi ya hewa kati yake na bati. Ikigandamana na bati, uso wake unaong'aa haurudishi tena joto upande huo, kwa kuwa joto linapita kwa mgusano.

Kosa moja tunaloliona sana kwenye nyumba zenye kiyoyozi: nailoni inatandazwa juu ya jipsamu, kisha sufi juu yake. Chumba kikipoozwa, nailoni hupoa pamoja na dari, na hewa ya moto yenye unyevu iliyo darini inashuka kupitia sufi na kutua juu yake. Utakuwa umejijengea beseni juu ya kitanda.

Nina lodge kando ya ziwa. Vyumba vinanuka ukungu na karatasi ya ukutani ina madoa meusi kwa nyuma. Tumebadilisha mashuka, mapazia, hata magodoro.

Karatasi hiyo ni ya plastiki, siyo? Basi ni kisa kilekile cha Sengerema kwa sura ya kistaarabu zaidi. Mgeni anaweka kiyoyozi nyuzi 18, ukuta unapoa, mvuke wa nje unapenya plasta na tofali, unakutana na plastiki ya karatasi na kugota hapo. Kati ya plasta na karatasi kuna gundi, giza na maji. Ukungu hauhitaji zaidi ya hayo.

Ng'oa karatasi. Uache ukuta ukauke, hata kama ni wiki kadhaa, halafu paka rangi inayopumua, ya chokaa au ya maji isiyo na mng'ao. Upande wa nje ndio uupe rangi au plasta inayozuia maji ya mvua. Ziba nafasi kati ya fremu na ukuta. Kiyoyozi kipangwe nyuzi 24 au 25. Usinunue chenye nguvu kupita ukubwa wa chumba, kwani kikubwa mno hupoza haraka na kuzima kabla hakijakamua unyevu, na mgeni anabaki na chumba baridi chenye majimaji.

Watu wa mapokezi wana mazoea ya kuzima viyoyozi vyumba vikiwa vitupu na kufungua madirisha “viingize hewa”. Kuta bado ni baridi, hewa ya ziwa inaingia, kila kitu kinalowa. Kiyoyozi kikizimwa, dirisha lisubiri ukuta upate joto kwanza.

Tunajenga chumba cha ubaridi cha samaki. Tuzingatie nini?

Hapa ndipo utando hauna mbadala, kwa hiyo tuvumilie.

Kwanza uelewe uzito wa jambo. Nje una hewa ya nyuzi 26 yenye gramu 18 za maji kwa mita ya ujazo. Ndani, kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu moja hivi. Msukumo wa mvuke kutoka nje ni kama mara ishirini ya ule wa ndani. Ukilinganisha na nyumba ya Ulaya siku ya baridi ya kawaida, ukuta wako unasukumwa mara tatu hadi nne zaidi. Halafu mwenzako wa Ulaya ana kiangazi, ukuta wake unapata miezi ya kukauka. Wako haukauki kamwe, maana samaki hawana likizo. Kila gramu inayoingia inabaki.

Paneli za viwandani, zile za foamu iliyobanwa kati ya bati mbili, ni nzuri kwa sababu bati la nje lenyewe ni utando. Bati halipitishi mvuke. Viungo ndivyo vinavyopitisha. Kila paneli inapokutana na mwenzake lazima pawekwe gundi ya kuziba isiyokauka na kupasuka, na iwekwe upande wa nje, upande wenye joto. Mafundi wengi huziba ndani kwa silikoni safi, nyeupe, inayopendeza mkaguzi wa afya akiingia, na nje wanaacha wazi kwa kuwa hakuna anayepaangalia. Ziba ndani kwa ajili ya usafi, lakini nje ndiko kunakookoa foamu.

Pili ni kila kinachotoboa ukuta: bomba la gesi ya mashine ya ubaridi, bomba la maji ya kuyeyusha barafu, nyaya, boliti za kuning'inizia feni. Tundu likiwa wazi, hewa inayopita ndani yake hubeba mvuke mwingi kuliko ule unaojipenyeza katika eneo kubwa la ukuta mzima. Bomba la nyaya ndilo linalosahaulika kuliko vyote. Fundi umeme anaziba pembeni mwake vizuri, lakini ndani ya bomba lenyewe, katikati ya nyaya, hewa inapita kama kwenye filimbi. Lijazwe gundi laini kwa ndani, upande wa joto.

Tatu, sakafu. Kwenye chumba cha kugandisha, ubaridi hushuka taratibu hadi ardhini. Maji ya udongo yakiganda yanatanuka na kuinua zege. Tumeona mlango uliokuwa ukifunguka vizuri ukaanza kukwaruza sakafu, na mwenye chumba akaukata mlango. Mpangilio kutoka chini ni kifusi, zege la kwanza, utando, foamu ngumu inayobeba uzito, nailoni ya kutenganisha, kisha zege la juu. Utando ni chini ya foamu, kwa sababu ardhi ndiyo upande wa joto. Uungane na utando wa ukuta bila kukatika pale kwenye kona, na hiyo kona ndiyo kazi ya kusimamia wewe mwenyewe. Chini ya zege la kwanza pitisha mabomba ya hewa, au weka waya wa kupasha joto, ili udongo usigande.

Nne, mlango. Kila ukifunguliwa, hewa ya nje inaingia na theluji inaota darini karibu na kizingiti. Weka pazia la vipande vya plastiki. Chumba cha kugandisha kiwekewe pia valvu ndogo ya kusawazisha presha: hewa ya joto iliyoingia inapoa ghafla na kusinyaa, chumba kinavuta, na kama hakuna mahali halali pa kuvutia, kitavuta kupitia viungo ulivyoviziba kwa shida.

La mwisho ni nafasi iliyo kati ya paneli za juu na bati la jengo. Ipitishe hewa. Ikifungwa, mgongo wa paneli utatoa jasho na kutonesha juu ya wafanyakazi wanaopanga maboksi.

Nailoni ya geji ngapi?

Geji 1000 ni mikroni 250, yaani robo ya milimita. Geji 500 ni nusu yake. Kwa sakafu tunatumia 1000, kwa kuwa nyembamba hutobolewa na kokoto au kiatu cha kibarua kabla zege halijamwagwa. Kinachoipasua ni safari za mikokoteni; mvuke haujawahi kuipasua.

Kwa tando za kununua kutoka nje utakutana na alama Sd, inayopimwa kwa mita. Inakuambia utando huo unazuia mvuke sawa na hewa tulivu ya unene gani. Kwa utaratibu wa Wajerumani, Sd isiyozidi nusu mita maana yake mvuke unapita, kuanzia mita 1,500 umezibwa kabisa, na katikati ni kupunguza tu. Wamarekani wana kipimo chao, perm, ambacho kimegeuzwa: kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo utando unavyoziba zaidi, na daraja la juu ni 0.1 kushuka chini. Chumba cha ubaridi kinataka foili ya alumini au bati. Nailoni tupu haitoshi kwa miaka mingi.

Nailoni si zilipigwa marufuku?

Zilizopigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 ni mifuko ya kubebea bidhaa. Kanuni zile ziliacha plastiki za matumizi ya viwandani, kilimo na ujenzi. Nunua roli lako bila wasiwasi, ila mabaki usiyaache yapeperuke hadi ziwani.

Nimesikia kuna utando “wenye akili”, unaojifunga na kujifungua.

Upo. Ni aina ya nailoni halisi, poliamidi, iliyoendelezwa katika taasisi ya Fraunhofer ya fizikia ya majengo huko Ujerumani katika miaka ya 1990, kazi inayohusishwa na Hartwig Künzel. Hewa ikiwa kavu inabana, ikiwa na unyevu inalegea na kuuachia mvuke. Kwao ni uvumbuzi mkubwa, kwa kuwa ukuta wa huko hubadilisha upande wa joto kila msimu.

Kwetu hatujaona sababu ya kuulipia. Hewa ya hapa huwa na unyevu muda mwingi wa mwaka, hivyo utando huo ungekaa umelegea siku ambazo unauhitaji ubane. Ukishauriwa kuuweka kwenye chumba cha samaki, badilisha mshauri.

Nyumba iko mlimani, juu ya mawe. Sakafu inalowa kila masika ingawa tuliweka nailoni chini ya jamvi, yaani zege la sakafu.

Mwanza ni jiji la mawe na mawe hayanywi maji. Mvua ikinyesha Bugando au Isamilo, maji hayazami. Yanateremka juu ya mwamba, chini ya udongo mwembamba, na kusukuma msingi wa kwanza yanaoukuta. Nailoni ya sakafuni imetengenezwa kuzuia unyevu unaopanda polepole. Haiwezi kushindana na maji yanayosukumwa na mlima.

Chimba mfereji upande wa juu wa nyumba, ushuke chini ya usawa wa jamvi au hadi kwenye mwamba, ujaze kokoto, weka bomba lenye matundu na uyaelekeze maji pembeni. Nailoni yenyewe ikaguliwe kama ilipandishwa ukutani na kuungana na ile iliyo juu ya msingi. Mara nyingi ilikatwa usawa wa ukuta kwa kisu ili “isionekane vibaya”, na unyevu unapanda hapo pembeni, plasta inatoa chumvi nyeupe na kumomonyoka hadi kimo cha goti.

Nitajuaje kama unyevu unatoka chini au hewani?

Kata kipande cha nailoni angavu cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike sakafuni au ukutani kwa tepu pande zote nne, ukiache siku nzima. Kikilowa kwa chini, maji yanatoka kwenye zege. Kikilowa kwa juu, ni mvuke wa chumbani. Vikilowa vyote viwili, pole.

Nyumba mpya isipimwe mapema. Mita moja ya ujazo ya zege huchanganywa na lita mia moja na hamsini au zaidi za maji, na sehemu kubwa inahitaji miezi kutoka. Wanaobandika vigae vya plastiki mwezi mmoja baada ya kumwaga jamvi hujifungia maji hayo wenyewe.

Foamu au sufi iliyolowa inaweza kukaushwa?

Sufi ya mawe ndiyo, ukiitoa, ukaianika na ikiwa haijasinyaa. Foamu iliyoshiba maji ndani ya paneli, hapana. Maji hupitisha joto zaidi ya mara ishirini kuliko hewa tulivu, na barafu zaidi ya mara themanini, kwa hiyo paneli ya namna hiyo inakula umeme kila saa inayobaki ukutani. Igonge kwa kifundo cha kidole: kavu inalia kama ngoma, iliyolowa inajibu kwa sauti nzito. Tafuta pia sehemu ya nje ya ukuta inayotoa jasho wakati sehemu nyingine ni kavu. Hapo foamu imekwisha.

Kuna rangi ya kuzuia unyevu, si rahisi zaidi?

Ni rahisi. Ukipaka juu ya ukuta uliolowa, itajaa malengelenge kabla ya masika yajayo.

Mnahitaji nini mkija kukagua?

Tuambie kiyoyozi au mashine ya ubaridi inapangwa nyuzi ngapi na inawashwa saa ngapi kwa siku. Maji yalionekana baada ya mvua au baada ya usiku mkavu? Kama una picha za wakati wa ujenzi, hata za simu, zenye ukungu na vidole vya fundi, tutumie, zinatupunguzia kutoboa. Na tafadhali usipake rangi madoa kabla hatujafika. Mama mmoja wa Pasiansi alitupakia dari lote jeupe kwa heshima ya wageni, tukalazimika kusubiri wiki tatu madoa yajitokeze tena.